Katekista wa Littlemore

Littlemore kilikuwa kijiji karibu na mji wa Oxford, Uingereza. Zamani hakikuwa na kanisa. John Henry Newman, aliyekuwa mchungaji wa Kianglikana, aliwajengea wenyeji kanisa. Mama yake ndiye aliyeweka jiwe la kwanza, mwaka 1835. Wakati wa Malkia Victoria alifundisha watoto wa kijiji katekismu na nyimbo, naye akipiga fidla mwenyewe. Aliwakemea pia waliokuja na nyuso chafu na nywele zisizochanwa!

Lakini moyo wake haukutulia: Eklezia ya kweli ni ipi? Tarehe 25 Septemba 1843 aliwahubiria akiaga, watu wakalia. Akangoja miaka miwili katika sala, kufunga na kusoma.

Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1845 akafika Padri Domeniko Barberi, Mwitaliano asiyesema Kiingereza vizuri, amelowa mvua chepechepe. Alipokuwa akikausha nguo motoni, Newman akaingia, akapiga magoti mbele yake, akaomba kupokewa. Mwalimu mkubwa wa Oxford, mwenye miaka 44! Kesho yake akapokewa.

Februari 1846 alikiacha kijiji, akikibusu kitanda chake kwa huzuni. Mwaka 2019 Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu.