SOMO: TIBA INAYOMFUATA MGONJWA
Huduma za mkoba na wajibu wa chama cha msingi

Madhumuni ya somo hili ni kuwawezesha wanachama kueleza maana ya huduma za mkoba; kutambua yale ambayo huduma hizo zinaweza na zisiyoweza kuyatimiza; na kuamua, katika mkutano wao, chama kitachangia nini. Katibu alisome kwa sauti, kisha wanachama wajigawe katika vikundi na kuyajadili maswali yaliyo mwishoni.

1. Njia mbili za kumfikia mgonjwa

Mtu aishiye mbali na mganga aweza kusaidiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumhamisha mtu aifuate huduma. Ya pili ni kuihamisha huduma imfuate mtu.

Watu wa Buha waliionja njia ya kwanza mapema. Katika miaka ya 1930, ugonjwa wa malale ulipokuwa tishio, serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wengi katika mapori yenye mbung'o na kuwakusanya kwenye makazi ya pamoja. Yalikuwapo manufaa: watu walitengwa na mbung'o, na wapimaji waliweza kuwakagua wengi kwa siku moja. Lakini palikuwa na gharama pia. Mashamba yaliachwa, makaburi ya wazee yakabaki nyuma, na pori likarudi mahali palipolimwa. Baadaye, mwaka 1972, Operesheni Kigoma iliwakusanya wananchi katika vijiji, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba shule, maji na zahanati haviwezi kupelekwa kwa kila nyumba iliyo peke yake.

Hata hivyo, hakuna mpango wa makazi uliofuta umbali wote. Kasulu na Kibondo ni nchi ya vilima na mabonde. Wako wanachama ambao mashamba yao yako mwendo wa saa kadhaa kutoka zahanati iliyo karibu, na masika yanapokolea, kijito kidogo hugeuka kizuizi. Kwa watu hao njia ya pili haina budi kufikiriwa.

2. Mfano wa Michael Wood

Mfano unaojulikana sana katika Afrika Mashariki ni ule wa Michael Wood, daktari wa upasuaji kutoka Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1918 na kuhamia Kenya katika miaka ya 1940. Yeye na wenzake wawili, Archibald McIndoe na Tom Rees, walizungumza katika miteremko ya Kilimanjaro juu ya jambo moja lililowasumbua: wapasuaji walikuwa mijini, na wagonjwa wengi walikuwa vijijini. Mwaka 1957 walianzisha Nairobi shirika ambalo leo hujulikana kwa jina la AMREF. Wood mwenyewe alirusha ndege ndogo, akatua kwenye viwanja vya nyasi karibu na hospitali za misheni na za serikali, akafanya upasuaji, kisha akaruka tena. Simu za upepo zilifungwa katika vituo vya mbali ili mganga aliye peke yake aweze kuomba shauri au kuita ndege.

Kazi hiyo iliokoa watu. Lakini iliwafundisha waanzilishi wake jambo ambalo ndilo kiini cha somo hili. Ndege huja na kuondoka. Maji machafu, mbu na lishe duni hubaki. Kwa hiyo shirika halikuishia kwenye ndege. Liligeukia pia kuwafundisha watumishi wa afya, kuchapisha vitabu vya mafunzo na kufanya kazi na wanavijiji wenyewe ili kuzuia maradhi. Wood alifariki mwaka 1987, na kazi ya mafunzo ikaendelea baada yake.

3. Mkoba waweza nini, na hauwezi nini

Katika wilaya nyingi huduma hii huja si kwa ndege, bali kwa gari au pikipiki. Mhudumu hutoka kituoni na vifaa vyake, akafika kijijini siku iliyotangazwa. Ndiyo maana huitwa huduma za mkoba.

Yale yanayofaa kufanywa kwa njia hii ni yale yanayoweza kupangiwa siku: chanjo za watoto, kupima uzito, kuwapima wajawazito, uzazi wa mpango, na kufuatilia wenye maradhi ya muda mrefu. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selisiasi. Chombo kilichobeba barafu hakingoji. Gari likichelewa nusu siku kwa sababu ya gogo lililoanguka njiani, chanjo zaweza kuharibika, na watoto waliokusanyika wakarudi nyumbani bila kinga.

Yale yasiyofaa ni yale yasiyopanga siku. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufariki katika muda wa saa mbili. Ikiwa mkoba ulikuja Jumanne, naye akajifungua usiku wa Ijumaa, mkoba haumsaidii. Anachohitaji usiku huo ni chombo cha kumfikisha mahali penye mkunga, dawa, damu na chumba cha upasuaji. Chama kinachoshangilia gari la kliniki na kusahau usiku wa Ijumaa kimefanya nusu ya kazi.

4. Je, hili ni jambo la ushirika?

Wapo wanachama watakaosema: chama ni cha kahawa na mazao, tiba ni ya serikali. Hoja hiyo isidharauliwe. Fedha ya chama ni jasho la mkulima, na haifai kutumika kwa kila shida iliyopo kijijini. Tena, kujenga zahanati na kulipa waganga si kazi ya chama cha msingi.

Lakini misingi ya ushirika iliyopitishwa na vyama vya dunia mwaka 1995 inataja wazi kujali jamii. Pia kuna hesabu ya mavuno. Mwanachama anayemuuguza mtoto wakati wa kuchuma, kahawa yake huivia mtini na kuanguka. Afya ni sehemu ya zao.

5. Mambo ambayo chama chaweza kufanya

(a) Ghala. Siku ya mkoba, ghala au ofisi ya chama itolewe iwe kliniki, ikiwa imefagiliwa, ikiwa na meza, maji ya kunawa na pazia la kumsitiri mama.

(b) Tangazo. Siku ya mkoba itangazwe pamoja na siku ya kupokea mazao. Mwanachama aliyeleta mzigo aje na mtoto.

(c) Barabara. Kabla ya masika, wanachama wajitolee kufyeka na kuziba mashimo katika njia za vitongoji. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa mgeni ana kazi yake tayari. Jembe ni letu.

(d) Usafiri wa dharura. Wanachama waelezwe juu ya mpango wa m-mama wa kusafirisha wajawazito na watoto wachanga, ambao mwaka 2022 ulitangazwa kuwa wa nchi nzima, pamoja na namba yake ya simu ya bure, 115. Pale ambapo gari halifiki, chama kiwe na machela na orodha ya wabebaji.

(e) Mfuko mdogo. Chukueni mfano wa chama chenye wanachama 400, kila mmoja akileta kilo 100. Makato ya shilingi 50 kwa kilo hutoa shilingi 2,000,000. Ikiwa safari moja ya dharura hugharimu shilingi 40,000, mfuko huo hulipia safari 50 kwa mwaka. Makato hayo yapitishwe na mkutano mkuu, yaingizwe katika makisio, na yawe na daftari lake. Fedha ya mgonjwa isichanganywe na posho za vikao.

6. Maswali ya kujadiliwa

1. Ni vitongoji vipi vya chama chenu ambavyo mkoba haujafika mwaka huu? Kwa sababu gani?
2. Mama akipata shida saa nane za usiku, nani ataitwa kwanza, na nani ana ufunguo wa machela?
3. Je, mfuko uwasaidie wanachama peke yao, au hata jirani asiye mwanachama? Toeni sababu.
4. Ni kazi gani moja mtakayoikamilisha kabla ya mvua za kwanza?

Jibu la swali la nne liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, pamoja na jina la aliyekabidhiwa kazi hiyo na tarehe ya kuimaliza.