Kompyuta Inapokwama Wakati wa Kuwaka: Tuokoe Hesabu Kwanza



Katika ziara zetu za kutembelea miradi tumekuta jambo moja linalojirudia. Hesabu ambazo zamani zilikaa kwenye leja ndani ya kabati la ofisi, siku hizi zimo kwenye kompyuta, na mara nyingi kompyuta hiyo si ya parokia bali ni ya nyumbani kwa mweka hazina. Usiku huingiza michango na matumizi ya mradi. Mchana watoto wake hufanyia kazi za shule. Hatuulaumu mpango huo. Mweka hazina anayejitolea kompyuta yake na umeme wake anatusaidia sisi sote. Lakini siku kompyuta hiyo itakapokwama katikati ya kuwaka, shida haitakuwa ya familia moja. Itakuwa ya kamati nzima, na ya wafadhili wanaosubiri taarifa.

Somo la toleo hili tulilipata kwa gharama kubwa.

Katika parokia moja, ambayo hatutaitaja, mweka hazina aliwasha kompyuta yake siku mbili kabla ya taarifa ya mradi wa kisima kutakiwa. Ikaonyesha nembo ya kampuni iliyoitengeneza, ikaganda hapo hapo. Kibodi haikujibu wala kipanya. Alizima, akawasha tena, ikawa vile vile. Alitupigia simu ofisini, nasi tukamjibu kwa wepesi ambao mpaka leo tunaujutia: "Mama, ipeleke tu kwa fundi."

Alilibeba kasha la kompyuta, lile ambalo wengi wetu huliita CPU, mpaka mjini. Fundi aliposikia kwamba imegoma kuwaka hakuiwasha aone inakwama wapi. Aliingiza diski yake, akafuta kila kilichokuwamo na kuweka Windows upya. Kompyuta ikawaka vizuri pale dukani. Hesabu za miaka mitatu hazikuwamo tena.

Kibaya zaidi, aliporudi nyumbani na kuunganisha waya zote kama zilivyokuwa, ikakwama tena kwenye nembo ile ile. Mwanawe ndiye aliyechomoa waya wa printa, na papo hapo ilipowashwa ikaendelea hadi mwisho. Printa ile ilikuwa na tundu la kuwekea kadi za kamera, na kompyuta ilipowaka ilikuwa ikiichunguza kana kwamba ni diski ya kuanzia, ikabaki kusubiri jibu lisilokuja. Kwa hiyo hesabu zilifutwa kwa kosa lililokuwa nje ya kasha.

Tungependa kusema mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Katika kikao kilichofuata walikuwapo waliouliza, kwa sauti ya chini na baadaye kwa sauti ya juu, ni kwa nini kompyuta iharibike siku mbili kabla ya taarifa. Mama yule aliyewatumikia kwa uaminifu alikaa kimya akitazama chini. Kilichomwokoa ni nakala za vitabu vya stakabadhi, ambazo hakuwahi kuzitupa. Yeye na wajumbe wawili walikaa miezi minne wakiingiza upya mchango mmoja mmoja, na jumla ilipopatikana ililingana na taarifa za benki. Sisi tuliwaandikia wafadhili ukweli wote, pamoja na ushauri wetu mbaya.

Sasa tuingie kwenye somo lenyewe.

Kompyuta inapowaka hupita vituo kadhaa, kama basi linalotoka stendi. Kwanza hujikagua yenyewe: kibodi, RAM, na vifaa vilivyochomekwa. Huu ndio wakati wa nembo ya mtengenezaji. Kisha hutafuta diski yenye mfumo wa kuiendesha. Ikiipata, huanza kupakia Windows, na hapo tunaona vidoti vinavyozunguka. Mwishoni hutuomba neno la siri na kuanzisha programu nyingine. Anayejua basi limesimama kituo gani amekwisha kupata nusu ya jibu. Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza si kuzima na kuwasha mara kumi. Ni kuandika kwenye karatasi maneno yaliyo kwenye skrini, au kuyapiga picha kwa simu.

Tuhakikishe pia kwamba kweli imekwama. Umeme ukikatika ghafla, kompyuta inaweza kuanza kuikagua diski itakapowaka, na kazi hiyo huchukua muda mrefu. Vivyo hivyo inapokuwa inaweka masasisho. Kama taa ndogo ya diski inapepesa, iachwe hata saa nzima. Wengi wameharibu mashine nzima kwa kukosa subira ya saa moja. Baada ya hapo, ikiwa haina dalili yoyote ya uhai, tushike kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi hadi izime.

Ikikwama kwenye nembo, chomoa kila kitu isipokuwa skrini, kibodi, kipanya na umeme. Flashi iliyosahaulika nyuma ya kasha, printa, modemu, simu inayochajiwa, vyote vitoke. Iwashe. Ikiwaka, zima, rudisha kifaa kimoja, washa tena, na kadhalika mpaka mkosaji ajulikane. Hatua hii haigharimu hata shilingi moja, na ndiyo iliyorukwa katika kisa chetu.

Isipowaka, chomoa waya wa umeme ukutani na ufungue ubavu wa kasha. Gusa kwanza chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini usiunguze vifaa. Huko ndani kwa kawaida utakuta vumbi la kutosha kupanda mchicha. Liondoe kwa brashi laini iliyo kavu, hasa kwenye mapezi ya feni, maana kichakataji kikipata joto kupita kiasi kompyuta huganda au hujizima. Toa vijiti vya RAM, sugua taratibu sehemu zake za rangi ya dhahabu kwa kifutio safi cha penseli, vipanguse, uvirudishe hadi vibano vilie. Kama viko viwili, jaribu kwa kimoja kimoja. Kandamiza pia waya wa diski pande zote mbili, kwani hulegea kompyuta inapobebwa kwenye pikipiki. Lile sanduku dogo la chuma linalopokea umeme ndani ya kasha lisifunguliwe kamwe na asiye fundi, kwa sababu hubaki na chaji hatari hata baada ya kuchomolewa.

Kuna betri ndogo ya duara kama sarafu, aina ya CR2032, ya volti 3, inayotunza saa na mipangilio. Ikiisha, tarehe hurudi miaka mingi nyuma na kompyuta inaweza kusimama ikitaka ubonyeze F1. Ni kitu rahisi kubadilisha. Tuliwahi kupokea taarifa ya mradi ambayo kwa mujibu wa tarehe zake iliandikwa kabla mradi haujabuniwa. Chanzo kilikuwa betri hiyo.

Ikiwa nembo inapita na kompyuta inakwama kwenye vidoti, vifaa vya nje huenda havina hatia. Hapo tatizo mara nyingi ni programu au diski. Windows ina njia ya kuwaka na vitu vya lazima tu, iitwayo "Safe Mode". Katika Windows 7 na za kabla yake hufikiwa kwa kubonyeza F8 mara kwa mara inapoanza kuwaka. Katika Windows 10 na 11 F8 kwa kawaida haifanyi kazi. Izime kwa kitufe wakati vidoti vinazunguka, mara mbili au tatu mfululizo, nayo italeta ukurasa wa matengenezo wenye njia hiyo. Ukifanikiwa kuingia, nakili hesabu kwanza, kisha ondoa programu au sasisho lililowekwa mwisho.

Njia hii si ya wanyonge tu. Tarehe 19 Julai 2024, kati ya saa 1:09 na saa 2:27 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kasoro. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, kwa makadirio ya Microsoft, zilianguka na nyingi zikashindwa kuwaka. Ndege zilibaki chini na hospitali zikaahirisha kazi. Dawa iliyotolewa ilikuwa kuingia kwa "Safe Mode" na kufuta faili moja lenye kasoro. Waliokimbilia kufuta diski nzima wangepoteza vyote kwa sababu ya faili dogo.

Diski inayogonga kwa mlio wa tik-tik, au kompyuta iliyokuwa ikichelewa kuwaka siku hadi siku kabla ya kukwama, ni dalili ya diski inayokufa. Hapa hatutanii: usiendeshe programu za kuitengeneza, kwa sababu kazi hiyo ngumu inaweza kuimaliza. Izime. Fundi aitoe na kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa USB, au aiwashe kompyuta kwa flashi yenye mfumo wa Ubuntu, ambao unaweza kujaribiwa bila kusakinishwa, kisha anakili mafaili. Kompyuta nyingi mpya hufunga diski kwa siri ya BitLocker, na zinaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo utafutwe leo kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta, uandikwe, na uwekwe kwenye kabati la parokia.

Mkiamua kupeleka kwa fundi, na mara nyingine ni lazima, bandikeni karatasi juu ya kasha: "Usifute chochote kabla hatujapata nakala." Mpelekeeni na ile karatasi ya maneno mliyoyaona kwenye skrini, na mwambieni nini kilikuwa kimechomekwa. Fundi mzuri atafurahi. Anayekereka, mchukueni mwingine.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi moja. Tunashukuru kwa kompyuta zilizotumika mnazotutumia, lakini nyingi ni za Windows 10, ambayo Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na baadhi haziwezi kupokea Windows 11. Kwa gharama ya kusafirisha mashine mbili za namna hiyo, tungependelea UPS moja na diski ya nje moja kwa kila kamati. Umeme wetu unapokatika bila taarifa, UPS humpa mweka hazina dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Kwa kamati tunaomba mambo mawili kuanzia robo hii. Kila mwisho wa mwezi hesabu zinakiliwe kwenye diski hiyo ya nje, kisha ichomolewe na kupelekwa kwenye kabati la parokia, isibaki nyumbani kando ya kompyuta. Na ukurasa wa jumla uchapwe, utiwe sahihi na mwenyekiti na mweka hazina.

Mama wa kisima bado ni mweka hazina. Tulipomtembelea mara ya mwisho kompyuta ilikuwa ile ile, na waya wa printa ulikuwa umening'inia pembeni ya meza. Aliiwasha, akangoja mpaka ikamwomba neno la siri, ndipo akauchomeka.