Moshi wa Boila: Kifaa Rahisi ni Kipi?



Bila shaka umewahi kumsikia mtu akilalama, "Kiwanda kile kina pesa, mbona kisinunue kifaa cha kusafisha moshi?" Swali ni zuri lakini halijakamilika. Kifaa gani? Cha kunasa nini? Boila inayochoma makaa ya mawe hutoa taka nyingi, na hapa tutazungumzia mbili: majivu yanayopeperuka na gesi ya salfa dioksaidi. Anayeishi karibu na kiwanda huvuta zote mbili.

Tuanze na majivu. Kifaa cha bei ya chini ni saikloni, pipa lenye umbo la faneli ambamo moshi huzungushwa kwa kasi hadi majivu yagonge ukuta na kuanguka. Haisumbui kutunza. Hata hivyo, hunasa chembe nene tu. Zile laini, ambazo ndizo huingia ndani kabisa ya mapafu, huponyoka. Chujio la mifuko ya kitambaa linaweza kunasa zaidi ya asilimia 99, hata laini zikiwemo. Lakini feni hutumia umeme zaidi kusukuma moshi upite kitambaani, na mifuko huchakaa. Cheche ikipenya, mfuko umetoboka! Kisha kuna mtego wa umeme, ambao Frederick Cottrell wa Marekani alipewa hataza yake mwaka wa 1908. Majivu hutiwa chaji yakavutwa na mabamba ya chuma. Kuununua ni ghali, ila hauilemei feni.

Tukija kwa gesi, ebu tutoe kalamu. Kilo 1 ya salfa ikiungua hutoa kilo 2 za salfa dioksaidi. Basi boila inayochoma tani 10,000 za makaa kwa mwaka, yenye salfa asilimia 1, hutoa tani 200 hivi. Meneja anaweza kununua makaa yenye nusu ya salfa hiyo, au kujenga mnara wa kuoshea moshi kwa maji yaliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa.

Shilingi zifuatazo nimezitunga kwa ajili ya hesabu tu. Makaa hayo masafi yakizidi bei kwa shilingi 500 kila tani, ni milioni 5 kwa mwaka. Tani 100 za gesi zimezuiwa, kila moja kwa shilingi 50,000. Mnara wa shilingi milioni 90 utakaodumu miaka 15 ni milioni 6 kwa mwaka (riba tuiache kando). Ongeza milioni 4.8 za chokaa, umeme na mishahara. Ukinasa asilimia 90, yaani tani 180, ni shilingi 60,000 kwa tani. Makaa yameshinda, sivyo? Ngoja kwanza. Kiwanda kikiwa kikubwa mara 4, bei ya mnara haipandi mara 4. Tuseme imepanda mara 2, na matumizi mengine mara 4: gharama inashuka hadi 43,000 hivi. Tena, sheria ikidai kiwanda chetu kidogo kizuie tani 150, makaa yale hayatoshi hata yakigawiwa bure.

Mnara nao una mzigo wake. Tani 180 za gesi zinahitaji tani 280 hivi za mawe ya chokaa, na huacha tani 480 hivi za jasi. Akipatikana mtengenezaji wa simenti wa kuinunua, ni mapato. Asipopatikana, ni jaa jipya.

Nchini Marekani, sheria ya mwaka wa 1990 kuhusu mvua ya asidi iliiachia mitambo ya umeme ijichagulie njia. Mingi ilikimbilia makaa ya Wyoming yenye salfa kidogo, kwani nauli ya reli ilikuwa imeshuka. Kumbe majivu ya makaa hayo hayapitishi umeme vizuri, na mtego wa umeme huanza kuyaachilia! Mitambo mingine ikabidi inyunyize salfa trioksaidi kidogo kwenye moshi ili mtego ufanye kazi. Ndiyo, umesoma sawasawa: salfa ile ile iliyokimbiwa, sasa inanunuliwa. Gharama hiyo nayo sharti iandikwe kwenye hesabu ya makaa "rahisi".