Kazi Zako Ziwe na Kwao

Mdogo wangu fundi cherehani wa Chemchem, hapa Tabora, swali lako nimelisoma na nalijibu mbele ya wote, maana wenzako wengi wanalo hilohilo. Ukurasa wako wa mtandaoni umefungwa, picha za magauni uliyoshona kwa miaka zimekwenda nao, nywila haikubali na hakuna wa kumpigia simu. Sasa fundi wa kompyuta anataka akujengee tovuti kubwa, yenye picha zinazoteleza na vitufe kila kona, kwa bei ya kununulia mashine ya ovaloki. Unauliza umlipe au uachane naye.

Usimlipe. Lakini tovuti uwe nayo, na uijenge mwenyewe.

Inayokufaa ni ile wanayoiita tovuti tuli. Haina hifadhidata, wala programu ya kusasisha kila wiki. Ni mafaili ya maandishi na picha zako. Unaandika faili la kwanza kwa HTML, lugha ya kuandikia kurasa za mtandao, unaliita index.html, unalipandisha kwenye seva, na mtu yeyote mwenye simu analifungua. HTML ilibuniwa na Tim Berners-Lee pale kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, na nakala ya tovuti yake ya kwanza, iliyofunguliwa kwa umma 1991, inafunguka mpaka leo. Linganisha na makao makubwa yaliyokuja baadaye. GeoCities, iliyobeba mamilioni ya kurasa za watu, Yahoo waliifunga Oktoba 2009. Google+ ilifungwa Aprili 2019. Mwaka huohuo MySpace walikiri kwamba nyimbo nyingi zilizopandishwa kabla ya 2016 zimepotea. Kwetu nako, Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini Tanzania, na aliyekuwa ameweka kazi zake zote huko hakuulizwa.

Siwaambii mhame WhatsApp na Instagram. Wateja wako wako huko, ungehamaje? Nawaambia mbadilishe mpangilio. Kuna watu walioanza kukutana Marekani mwaka 2011 kwa jina la IndieWeb, na kanuni yao kubwa ndiyo ninayowapa: weka kazi kwako kwanza, kisha sambaza kiungo kwingine kote. Gauni likiisha kushonwa, picha iende kwenye tovuti yako, halafu kiungo chake ukitume kwenye makundi. Kundi likifa, kazi imebaki.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Kwa sababu ya Tabora yenyewe. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora hii, Novemba 1857. Mwaka 1872 Stanley na Livingstone walikaa Kwihara, hapo jirani tu. Vitabu vyao vipo, vinachapwa na kuchapwa tena. Wanyamwezi waliowabebea mizigo kutoka pwani, waliojua kila kisima na kila kambi ya njia ile, wamebaki kuwa watu waliosimuliwa na wageni, wengi wao bila hata jina. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye baba yake aliishi hapa Tabora, aliandika habari za maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili. Alifanya mengi ya kulaaniwa, lakini tunamhukumu kwa maneno yaliyotoka kwake. Mimi sitaki binti wa Chemchem wa leo ajulikane kwa yale tu ambayo mgeni amemwandikia. Na wa kutufungulia njia mtandaoni yupo: Ndesanjo Macha alianza blogu yake ya Jikomboe mwaka 2004, kwa Kiswahili, wakati wengi waliamini lugha hii haina nafasi huko.

Haya, kazini. Chukua karatasi ya daftari uchore kabla ya kugusa kompyuta. Ukurasa wa mbele una jina lako, unachofanya, ulipo na namna ya kukupata. Ukurasa wa pili una kazi zako. Wa tatu una maandishi: namna unavyopima kiuno, kitenge kipi kinachuja rangi, mteja alete mita ngapi kwa gauni la mikono mirefu. Huo wa tatu usiudharau, maana ndio utakaomfanya mtu wa Urambo au Nzega akuamini kabla hajakuona. Wewe unayeuza asali, andika msimu wa kurina, miti ambayo nyuki wako wanaitembelea, na namna unavyochuja. Wewe uliyelelewa na bibi, andika tofauti ya viazi vitamu vya kukausha: michembe, inayokatwa na kuanikwa mbichi, na matobolwa, yanayochemshwa kwanza. Ukiweza, andika na Kinyamwezi chake kando ya Kiswahili.

Mteja wako analipia bando, kwa hiyo fikiria mfuko wake unapochora. Ukurasa mfupi wa maandishi matupu kwa kawaida hauzidi kilobaiti 10, maana yake megabaiti 1 inabeba kurasa kama 100. Picha moja iliyotoka kwenye simu janja bila kupunguzwa inaweza kula megabaiti 3 au 4 peke yake. Punguza kila picha ishuke chini ya kilobaiti 150 kabla ya kuipandisha. Tumia herufi ambazo simu tayari inazo, rangi mbili zinakutosha, na maandishi meusi juu ya nyeupe yanasomeka juani pale sokoni. Mwanzoni mwa faili andika lang="sw", ili kivinjari kijue ukurasa ni wa Kiswahili. Usiweke vidude vya kufuatilia wageni. Mtu amekuja kuangalia gauni, mwache aangalie kwa amani.

Mahali pa kuweka mafaili bila malipo papo. Neocities, iliyoanzishwa 2013, inatoa gigabaiti 1 bure, na GitHub Pages inakubali uunganishe jina lako la kikoa, yaani anwani yako mwenyewe, bila kulipia. Huna kompyuta? Faili la HTML unaweza kuliandika hata kwenye simu, kwa programu yoyote ya kuandikia maandishi ya kawaida. Ni polepole, lakini linakamilika.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapoumizwa. Jina la kikoa ndiyo mali yenyewe. Tanzania tunayo .co.tz kwa biashara, na ipo .me.tz kwa mtu binafsi. Unapolinunua, liandikishwe kwa jina lako na barua pepe yako, hata kama ni fundi anayekusaidia kujaza fomu. Mafundi wengi huandikisha kwa majina yao, pengine bila nia mbaya, kisha fundi anahamia Mwanza, namba anabadilisha, mwaka unaisha na jina halilipiwi. Mtu mwingine analichukua. Risiti itunze, tarehe ya kulipia iandike kwenye kalenda ya ukutani, na nywila usimwachie mtu wa steshenari. Ukishika jina na nakala ya mafaili kwenye flashi, seva ikifungwa kesho unahamishia kwingine, na mteja anafungua anwani ileile.

Na sheria msiipuuze. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu wawe na leseni, na gharama zilipita shilingi milioni 2. Wengi walinyamaza. Kanuni hizo zimebadilishwa 2020 na tena 2022. Ukitaka kuandika habari na matukio, waulize kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni nini kinachotakiwa. Picha ya mteja usiiweke bila ridhaa yake, kwani tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, ni mwili wa mtu. Ya mtoto wake ndiyo kabisa usiiweke.

Kwa hiyo mdogo wangu, wiki hii tafuta zile picha za magauni kwa wateja wako. Wengi bado wanazo kwenye simu zao, waombe wakutumie. Ukipata tano unaweza kuanza. Na pesa ya ovaloki, nenda kanunue ovaloki.