NYUMBA NI UTULIVU

Somo letu la leo latokana na suali la kijana mmoja wa darasa letu anayekaribia kuoa. Alituuliza hivi: "Masheikh zangu, mtu kupamba nyumba yake ni neema au ni israfu?" Tulidhani tutamjibu kwa maneno mawili, walakini suali lake lilituchukua masiku mawili, na tumeona si vibaya kuwashirikisha ndugu zetu katika yale tuliyoyazungumza.

Kwanza tulimrudisha kwenye Suratun-Nahl, aya ya 80. Hapo Mwenyezi Mungu ahesabu neema Zake juu ya waja, na katika hizo ataja kwamba nyumba zetu amezijaalia kuwa sakan. Neno hili ni la asili moja na sakina, yaani utulivu wa moyo, na katika asili hiyo hiyo sisi tumepata neno letu masikani. (Maskini pia latoka huko huko, na baadhi yetu hutoka katika neno la kwanza wakaingia katika la pili kwa deni la makochi, hayo tutayafikia.) Kisha aya hiyo yataja vyombo vya nyumba vifanywavyo kwa sufu na manyoya na nywele za wanyama, kuwa navyo ni katika neema. Basi vyombo na matandiko si haramu wala si aibu. Lililobaki ni kujiuliza: je, chombo hiki chaleta huo utulivu ambao nyumba imefanyiwa? Na chamletea nani?

Atakaye kujua watu wa pwani hii walilifahamu vipi jambo hili, na aende Lamu, mji ulioandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, aingie katika mojawapo ya nyumba za mawe za karne ya 18. Kwa nje hana la kutazama: ukuta mtupu, daka lenye mabaraza ya mawe pande mbili, na mlango. Akipita tekani njia yampinda, kwa hivyo aliye barabarani haoni ndani hata mlango ukiwa wazi. Kisha afikia kiwanda, kilicho wazi juu, nacho ndicho kiingizacho mwanga na hewa. Toka hapo vyumba vyafuatana kimoja nyuma ya chengine, msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani, na kila ukizidi kuingia sakafu yapanda kidogo na sauti za njia zapungua. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwani dari yabebwa na boriti za mikoko, na boriti hazivuki zaidi ya mita 3 hivi. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita, na joto la mchana huchukua muda mrefu kuzipenya.

Na mapambo yako wapi? Yako mwisho kabisa. Ukuta wa ndani, chumba cha bibi mwenye nyumba, ndio uliojaa zidaka, safu juu ya safu, zilizotiwa nakshi kwa lipu ya chokaa, na katika zidaka hizo viliwekwa vyombo vya kaure vilivyotoka ng'ambo. Mgeni wa kiume alipokewa dakani au sabuleni, akanywa kahawa yake akaenda zake, wala hakuziona zidaka hizo umri wake wote. Uzuri uliwekwa pale alalapo mtu, anyonyeshapo mtoto, augulipo mzee. Hatusahau kuwa nyumba hizo zilikuwa za matajiri, na kwamba mikono ya watumwa ilitumika katika utajiri huo, nasi hatuwasifu kwa hilo. Twachukua ile fikira tu, kwani fikira hiyo yaweza kutumika hata katika vyumba viwili vya kupanga.

Sasa tutazame nyumba zetu wenyewe. Chumba cha mbele ndicho kipana, ndicho chenye dirisha la upepo, ndicho chenye zulia, televisheni na makochi ambayo bado yamevishwa nailoni yaliyokuja nayo kutoka dukani. Mlango wake umefungwa. Watu wa nyumba wamesongamana nyuma, katika chumba kisicho na dirisha, na mama ala chakula chake juu ya kibao cha mbuzi kando ya jiko. Chumba kizuri chamngoja mgeni, na mgeni huja Idi mbili na siku ya posa.

Ndugu mmoja katika sisi alikuwa hivyo, na ametupa ruhusa kuyasema. Alinunua makochi kwa kulipa kidogo kidogo, akalipa miezi kumi na minane. Mamake, aliyehamia kwake baada ya kufiwa, alikuwa akishinda uani juu ya jamvi, hata mvua zikinya. Siku moja alimwambia, "Mama, mbona hukai sebuleni ukapumzika?" Akamjibu, "Mwanangu, pale si pa kupumzika. Pale nikikaa naona nimekuja kuposa." Ndugu yetu asema alicheka, kisha usiku hakupata usingizi.

Twaikumbuka hapa hadithi ya Bibi Aisha, Mungu amridhie, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Alitundika pazia lenye picha, na Mtume (s.a.w.) hakuridhika nalo. Wanavyuoni wameeleza mengi juu ya picha, na hilo si somo letu leo. Sisi twatazama lililofuata: pazia lile halikutupwa, bali lilikatwa likafanywa mito, na Mtume akiegemea. Na katika riwaya ya Muslim mna maana ya kwamba hatukuamrishwa kuvisha mawe na udongo. Basi kitambaa kile kile kiliondoka ukutani, kikaenda mgongoni kwa mtu. Hatujui kipimo kilicho wazi kuliko hiki kwa mwenye kupamba nyumba.

Kijana wetu akasema, "Nimefahamu, lakini nifanye nini? Nina vyumba viwili na fedha kidogo." Tukamwambia aanze na kuta. Ikiwa nyumba ni ya mawe ya zamani, asipake saruji wala rangi ya mafuta, kwani ukuta wa matumbawe huvuta unyevu na hutaka kuutoa. Ukizibwa, lipu huvimba na kumomonyoka, na chumba hunuka uvundo. Chokaa ni rahisi, yapumua, na yarudisha mwanga katika chumba chenye giza. Kisha atazame taa. Zile taa nyeupe kali tulizozitia kila chumba zafaa dukani. Madaktari wa leo wamebainisha kuwa mwanga mkali wa usiku, hasa ule mweupe wa kibuluu, huchelewesha melatonini, homoni iujulishayo mwili kuwa usiku umeingia. Taa ndogo ya manjano, iliyowekwa chini pembeni, bei yake si kubwa, na watoto hulala mapema. Kitanda nacho kiwekwe pale ambapo kusi na kaskazi hupita, hata kama pale ndipo alipotaka kuweka kabati la vioo.

Harufu hatukuhitaji kumfundisha. Mkewe atajua udi wake na asumini yake, naye aachiwe. Hili ni kubwa zaidi kuliko lionekanavyo. Wanaume wengi wetu twashinda kazini na barazani, twarudi kulala, kisha twataka kuamua kila kilicho ndani ya nyumba. Akaaye humo mchana kutwa ndiye ajuaye jua laingia wapi na mtoto hujigonga wapi. Aulizwe kabla ya kununuliwa kitu, si baada ya kushushwa garini.

Na kila mtu wa nyumba awe na mahali pake, japo padogo: mzee kiti chake kisichohamishwa na msala wake karibu, mtoto rafu ya vitabu vyake. Kasha la nyanya lisiuzwe kwa wanunuzi wa vitu vya kale wapitao mitaani, ambao hutoa bei ya mbao tu kisha wakauza kwa bei ya turathi. Kasha lile mtoto akiuliza ni la nani, ataambiwa.

Yule ndugu wa makochi aliitoa nailoni siku ile ile, akaufungua mlango wa mbele, akatandika godoro la mamake chini ya dirisha. Makochi mawili aliyauza. Kijana wetu naye, darasa lililofuata, alikuja na suali jengine: chokaa iliyozimwa vizuri yapatikana wapi siku hizi, na fundi gani bado ajua kuipaka? Mwenye kujua katika wasomaji wetu, tafadhali atuletee jina la fundi huyo kabla ya mwezi wa arusi kuandama.