BASTOLA YA RISASI MOJA NA HUKUMU YA WINDO LAKE

Tumeletewa swali na mmoja katika wasomaji wetu, ambaye mwanawe yuko Marekani kwa kazi, katika nchi ya mashamba na mbuga. Jirani zake huko hutoka kuwinda sungura kwa bastola, wala si kwa bunduki ndefu kama tuijuavyo sisi. Na bastola yenyewe haiingii ila risasi moja tu kila mara. Kijana auliza mambo mawili. Je, sungura aliyepigwa kwa bastola hiyo ni halali kuliwa? Na je, yafaa kufuatana nao waendapo kuwapiga wanyama waitwao waharibifu, ambao hawaliwi, bali huuawa wakaachwa pale pale?

Maswali haya tuliyasikia yakijibiwa barazani kwa haraka, huyu akisema halali na huyu akisema haramu, na wote wawili hawakuuliza silaha yenyewe ni ya namna gani. Na kama tulivyofundishwa chuoni, kukihukumia kitu ni tawi la kukifahamu. Basi na tuanze kwa kukifahamu.

Bastola za kuwindia za namna hii zilipata jina kubwa kwa ajili ya mbili. Ya kwanza ni XP-100 ya kampuni ya Remington, iliyotoka mwaka 1963. Hiyo hufungwa kwa komeo kama bunduki ya askari, na kitako chake ni cha nailoni. Ilitengenezewa risasi yake makhsusi, .221 Fireball, ambayo kipande chake cha uzani wa gramu 3 na kidogo hutoka kwa mwendo upatao mita 800 kwa sekunde. Ya pili ni Contender, aliyoibuni fundi mmoja jina lake Warren Center, ikauzwa kuanzia mwaka 1967 na kiwanda cha Thompson/Center katika mji wa Rochester, jimbo la New Hampshire. Hii haina komeo. Hukunjuka katikati kwa bawaba, kama ile bunduki ya marisau: mpigaji huvuta nyuma kikingio cha kifyatuo, mtutu ukainama, akatia risasi moja kwa mkono, akafunga, kisha akaitegua nyundo kwa kidole gumba. Akitaka kupiga mara ya pili hana budi kuyarudia yote hayo, na sungura hamngojei.

Ajabu ya hii Contender ni kwamba mtutu wake hushikwa na msumari mmoja tu. Ukiutoa msumari, mtutu hutoka, ukatia mwingine wa risasi nyingine. Mpini ni ule ule mmoja, nao waweza kuchukua kuanzia .22 ndogo ya sungura mpaka .45-70, ambayo ni risasi ya wanyama wakubwa. Na kwa kuwa risasi nyingine fataki yake imo katika ukingo wa kitako cha ganda na nyingine imo katikati, fundi alitia katika nyundo kigeuzi cha kuchagua kupiga ukingoni au katikati.

Huenda mtu akasema: Mbona waache bastola ya risasi sita wachukue ya moja? Sababu ni nguvu na shabaha. Bastola yenye gurudumu la risasi ina mwanya baina ya gurudumu na mtutu, na moshi wa baruti hutokea hapo. Ama ya risasi moja imefungwa pande zote, hivyo hustahimili baruti nyingi. Mtutu wake nao ni mrefu, inchi 10 au 14, na juu yake huwekwa darubini iliyotengenezwa kwa kutazamwa kwa mkono ulionyooshwa, mbali na jicho. Na mwenye risasi moja hulazimika kungoja, kuegemea, na kuacha kupiga akiwa na shaka. Hili la mwisho twaliona kuwa ni fadhila, kwani mnyama aliyejeruhiwa akakimbia ameteswa, wala hakumfaa mtu.

Kwa sungura na kindi, risasi itumiwayo sana ni .22 Long Rifle, ambayo imo duniani tangu mwaka 1887. Kipande chake kina kama gramu 2 na nusu, na mwendo wake ni kama mita 300 kwa sekunde. Hicho chatosha kwa mnyama mdogo wa karibu, nao huelekeza kichwani. Ile .221 tuliyoitaja ikimpata sungura kiwiliwili, hapabaki nyama ya kupeleka nyumbani.

Kabla hatujaiacha silaha, kijana aijue na sheria ya huko. Sheria ya Marekani iliyoanza mwaka 1934 huziwekea masharti makali bunduki za bega zenye mtutu ulio chini ya inchi 16. Kiwanda cha Contender kilipouza bastola pamoja na kitako cha bega na mtutu mrefu katika sanduku moja, serikali ilidai kodi ya dola 200, ikisema kuwa hiyo ni bunduki fupi iliyofichwa. Mashtaka yalifika Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1992 kiwanda kikashinda kwa majaji 5 dhidi ya 4. Lakini ushindi huo haukumhalalishia mtu kutia kitako cha bega juu ya mtutu mfupi. Tena kila jimbo lina leseni zake na misimu yake. Ama huku kwetu Kenya, uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka 1977, basi asije akadhani mtu kwamba somo hili lampa ruhusa ya kuingia msituni.

Sasa tuje kwenye windo. Asili ya mlango huu ni Surat al-Maida, ambamo ameharamishwa mnyama aliyekufa kwa kupigwa, ndiye mauqudha, na Hadithi ya Adiy bin Hatim, ambaye Mtume (S.A.W.) alimfundisha kwamba fimbo ya kuwindia ikimpata mnyama kwa ncha ikamchoma, ataliwa, na ikimpata kwa ubapa, asiliwe. Kwa hiyo mizani ni hii: je, amekufa kwa kutobolewa, au kwa kupondwa? Tembe ya udongo irushwayo kwa upinde huponda, na ndiyo maana ikakatazwa windo lake tangu zamani.

Ama risasi ya baruti haikuwako zama hizo. Sheikh Dasuqi wa Misri, wa madhehebu ya Imam Malik, aliyefariki mwaka 1230 Hijria, ameeleza kwamba hapana nassi ya waliotangulia juu yake, kwani upigaji huo ulizuka katikati ya karne ya nane ya Hijria, na waliokuja nyuma wakakhitalifiana: wako walioipimia kwa tembe ya udongo wakakataza, na wako walioruhusu kwa kuwa yatoa damu na kuua upesi. Katika Mahanafi, Ibn Abidin alikataza, akaona kwamba risasi huua kwa kuunguza na kwa msukumo, haina ukali. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki mwaka 974 Hijria, alikataza kupiga mnyama kwa kombora la moto. Kauli hiyo ndiyo wengi wa watu wa mwambao wanaoisikia kwa masheikh. Kisha akaja Imam Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1250 Hijria, akaliangalia jambo lenyewe: risasi huingia upande huu na aghalabu hutokea upande wa pili, basi imetoboa, na kilichotoboa si kilichoponda.

Sisi hatumtukani aliyeshika kauli ya kukataza, nao ni wakubwa wa dini. Lakini sababu walizozitaja zapimika. Moto wa baruti huishia ndani ya ganda na mtutu. Kipande kitokacho hakiwaki. Nacho, kwa yule sungura wa swali letu, hutoboa ngozi na nyama kama mshale, wala hakimpondi kama tembe. Basi kauli ya Shawkani na walioafikiana naye ndiyo tuionayo kuwa na nguvu. Kijana na apige yeye mwenyewe, ili aepukane na khitilafu nyingine juu ya windo la asiye Mwislamu. Ataje jina la Mwenyezi Mungu afyatuapo. Akimkuta angali hai, amchinje, na hapo khitilafu yote imeondoka. Na akimkuta amekufa majini asimle, kwa kuwa hajui ni risasi au ni maji yaliyomuua. Sungura mwenyewe ni halali bila ya shaka, kwani Mtume (S.A.W.) aliletewa nyama yake akaipokea.

Swali la pili ndilo zito zaidi, ijapokuwa kijana aliliweka nyuma.

Katika mbuga za Marekani, kuanzia Montana mpaka Texas, yuko mnyama mdogo aishiye katika mashimo, makundi kwa makundi, hata makao yao yakaitwa miji. Wao humwita mbwa wa mbugani kwa ajili ya mlio wake, lakini si mbwa wala si panya. Ni katika jamaa ya kindi. Wafugaji humchukia: asema mfugaji kwamba hula majani ya ng'ombe, na kwamba ng'ombe na farasi huvunjika miguu mashimoni. Kwa hivyo amepewa sumu na kupigwa risasi kwa zaidi ya miaka mia. Wapigaji hukaa na silaha zao juu ya meza, wakapiga mmoja baada ya mmoja kutwa nzima, kisha wakaenda zao.

Kumwondoa mwenye kudhuru si kosa. Hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) imewataja watano wanaouawa hata katika Haram: kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa aumaye. Basi mkulima ahifadhiye shamba lake, kwa kadiri ya haja, hana lawama. Lakini yule asiye na shamba, aliyesafiri kwa furaha ya kuona kiumbe kikirushwa hewani, huyo hakuondoa dhara la mtu. Ibn Umar (R.A.) aliwapita vijana waliomfunga ndege wakimfanya shabaha, akawaambia kwamba Mtume (S.A.W.) amemlaani afanyaye kitu chenye roho kuwa shabaha. Sisi hatuoni tofauti baina ya ndege yule na mnyama huyu, ila kwamba huyu hakufungwa kamba. Tena dhara haliishii kwake. Yuko mnyama aitwaye ferret mwenye miguu myeusi, ambaye chakula chake karibu chote ni mbwa hawa wa mbugani. Walipopungua, naye akapotea, hata ikadhaniwa ametoweka duniani, mpaka mwaka 1981, karibu na Meeteetse, Wyoming, mbwa wa shamba alipomletea bwana wake maiti ya mmoja wao.

Akitaka kijana kujizoeza shabaha, jambo ambalo dini yetu yalipenda, iko njia. Tangu mwaka 1976 kipo chama cha kimataifa cha wapigao sanamu za chuma kwa bastola, na hizi za risasi moja hupendwa sana humo. Sanamu ni kuku kwa mita 50, nguruwe kwa mita 100, bata mzinga kwa mita 150 na kondoo dume kwa mita 200. Hata huyo nguruwe, madhali ni wa chuma, na amwangushe kwa raha zake.

Limebaki moja, nalo limo katika lugha yetu wenyewe. Twaita risasi kwa kuwa hufanywa kwa madini ya risasi, nayo ni sumu. Kipande kiendacho mbio kikigonga mfupa huvunjika chembe ndogo ndogo zisizoonekana, zikaenea katika nyama mbali na tundu. Na tai wanaokula mizoga iliyoachwa hufa kwazo. Kwa ajili hiyo jimbo la California lilikataza kuwinda kwa risasi za madini hayo tangu tarehe 1 Julai 2019. Viko vipande vya shaba, hata kwa .22, navyo ndivyo bora kwa mwenye kuwinda ili ale. Atumiaye vya zamani na akate nyama yote iliyo kandokando ya jeraha aizike, asimpe paka wala mtoto.