Kuoana na Kuozwa: Penzi la Pupa na Mapenzi ya Kweli katika Romeo and Juliet kwa Msomaji wa Kibaha na Kisarawe

1.0 Utangulizi

Tanzia ya William Shakespeare iitwayo Romeo and Juliet, iliyochapishwa mwaka 1597 katika toleo lenye kasoro nyingi na kisha mwaka 1599 katika toleo lililo kamili zaidi, imezoeleka kujadiliwa kwa swali moja: je, vijana wale wawili walipendana kwa dhati, au walipatwa tu na pupa ya ujana? Jibu la darasani mara nyingi hupimwa kwa saa na siku. Walikutana Jumapili usiku, wakafunga ndoa Jumatatu, na kabla ya mapambazuko ya Ijumaa wote wawili walikuwa maiti. Penzi la siku zisizozidi tano, husemwa, haliwezi kuwa la kweli.

Makala hii inadai kwamba swali hilo, linapoulizwa kwa Kiswahili, halibaki kuwa lile lile. Kiswahili humlazimisha msemaji aamue mambo ambayo Kiingereza humruhusu ayaache: nani anayetenda, nani anayetendewa, na nani anayesababisha kitendo kitendeke. Maamuzi hayo yana uzito wa pekee kwa msomaji wa Kibaha au Kisarawe, katika mkoa wa Pwani, ambako habari za mwali, posa na mahari si mambo ya vitabuni. Mjadala utaegemea zaidi mnyambuliko wa vitenzi viwili, -penda na -oa. Tamthilia ya Edwin Semzaba, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe (1988), itarejelewa kwa ulinganisho.

2.0 Penzi, mapenzi, upendo

Mzizi -pend- umezaa nomino kadhaa ambazo kamusi huelekea kuziorodhesha kama visawe. Kimofolojia, penzi na mpenzi ni matokeo ya badiliko la kale la sauti ambapo nd iligeuka nz mbele ya kiambishi tamati -i, kama ilivyo pia katika jozi ya -linda na mlinzi. Pendo na upendo havikupitia badiliko hilo kwa sababu kiambishi chao ni -o. Hadi hapo hakuna tatizo. Tatizo huanza katika matumizi.

Upendo huelekea kutumika kwa mzazi na mwana, kwa jirani, kwa waumini. Hauna lazima ya mwili. Mapenzi, kwa umbo lake la ngeli ya ma-, hutazamwa kama kitu kisichohesabika, sawa na maji au mafuta, na huwa na maana mbili zisizotenganishwa kwa urahisi: hisia ya kupenda, na utashi. Msemaji akitaja mapenzi ya Mungu haelezi hisia bali anataja atakalo Mungu. Penzi, umbo la umoja, hulikata bonge hilo na kulifanya tukio moja: penzi hili, la fulani na fulani, lililoanza siku fulani na linaloweza kwisha. Huu ni mwelekeo tu, si kanuni, na washairi huuvunja kila siku kwa ajili ya mizani. Hata hivyo, si bure kwamba Semzaba aliandika penzi katika anwani yake, wala hakuandika upendo. Ngoswe ni karani wa kuhesabu watu aliyepelekwa kijijini. Mara baada ya kufika anamtamani Mazoea, anamtorosha, na baba wa binti, Mitomingi, kwa hasira anazichoma karatasi za hesabu. Hapafi mtu. Zinazoangamia ni karatasi, yaani taifa kukosa kujua watu wake, na hilo lilikuwa na maana katika mwaka 1988, mwaka wa sensa. Upendo usingeweza kuwa kitovu cha uzembe, penzi laweza.

Kwa kipimo hiki Romeo wa tendo la kwanza ana penzi, tena la upande mmoja. Analia kwa ajili ya Rosaline, ambaye katika tamthilia nzima hasemi hata neno. Romeo anatunga mikinzano ya maneno kuhusu moto wa baridi na afya iliyo mgonjwa, maneno ambayo kijana yeyote wa Ulaya ya wakati ule angeweza kuyaokota katika mashairi ya mapenzi. Kisarufi, hapa pana -penda tu. Kauli ya kutendana, -pendana, haiwezi kutumika, kwa kuwa inahitaji watenda wawili ambao kila mmoja ni mtendwa wa mwenziwe.

Tofauti na hayo, maneno ya kwanza kati ya Romeo na Juliet yamepangwa kama soneti moja ya mistari 14 ambayo wawili hao wanaigawana. Yeye anatoa ubeti, binti anajibu kwa ubeti, kisha wanashirikiana kuimalizia. Wahakiki wameisifu sana sanaa ya mahali hapo. Linalostahili kuangaliwa zaidi kiisimu ni kwamba utunzi huo ni -pendana iliyofanywa umbo: hakuna anayeweza kukamilisha shairi peke yake. Juliet anayageuza maneno ya Romeo kuhusu mahujaji na mikono, anamzuia, anamruhusu. Kwa hiyo muda mfupi waliojuana si kigezo cha kutosha. Rosaline alipendwa kwa muda mrefu zaidi na hakupendwa zaidi.

3.0 Haraka ni ya nani?

Methali ya haraka kukosa baraka huwaangukia vijana peke yao, na huu ni usomaji wa uvivu. Kwanza, Juliet mwenyewe ndiye wa mwanzo kulalamika, akiwa roshanini, kwamba ahadi yao ni ya ghafla mno, mfano wa radi inayozimika kabla mtu hajawahi kusema imemulika. Pili, Padri Laurence anamkanya Romeo kwamba vijana hupenda kwa macho, anamsihi aende polepole, kisha anawafungisha ndoa siku ileile kwa tamaa ya kupatanisha koo mbili. Tatu, na hili ndilo zito, Capulet. Mwanzoni anamjibu Paris kwa hekima: binti hajatimiza miaka 14, yapite majira mawili ya kiangazi, na kwanza Paris aupate moyo wake, kwani ridhaa ya baba ni sehemu tu ya jambo. Jumatatu usiku, baada ya kifo cha Tybalt, baba huyohuyo anatoa ahadi ya ndoa Alhamisi bila kumuuliza binti. Na Jumanne anairudisha nyuma hadi Jumatano. Siku moja hiyo ndiyo inayomharakisha Juliet kunywa dawa ya usingizi usiku uleule. Barua ya Padri kwenda Mantua nayo imekwama, kwa sababu mchukuzi wake amefungiwa ndani ya nyumba kwa hofu ya tauni.

Arthur Brooke, ambaye shairi lake la mwaka 1562 ndilo chanzo kikuu cha Shakespeare, aliacha kisa kiende kwa miezi kadhaa, na binti wake alikuwa na miaka 16. Shakespeare ndiye aliyeufupisha muda na kumpunguzia binti umri. Hawezi kudhaniwa kuwa alifanya hivyo ili kuwakaripia watoto. Muda ulipofupishwa, pupa ya wazee ilipata nafasi ya kuonekana sambamba na ya vijana, na ya wazee ndiyo iliyokuwa na mamlaka nyuma yake.

Hapa mapenzi yenye maana ya utashi yanarudi. Capulet anapomwambia binti kwamba asipokwenda kanisani ataburutwa, yanayotekelezwa ni mapenzi yake, kwa maana ileile ya kale. Mfasiri makini angeweza kulitumia neno moja kwa baba na kwa binti, na hadhira ingesikia mgongano bila kuelezwa.

4.0 Mwali, somo na yaya

Katika mila za Wazaramo, ambao ndio wenyeji wa Kisarawe na wa sehemu kubwa ya Kibaha, msichana aliyevunja ungo huwekwa ndani, naye huitwa mwali. Marja-Liisa Swantz, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1970, aliueleza kwa kirefu utaratibu huo pamoja na kinyago kidogo cha mwana hiti kinachohusiana nao. Shule na maisha ya mjini vimeufupisha sana muda wa kukaa ndani. Jambo la kuzingatia kwa makala hii ni nafasi ya somo, mwanamke anayemfunda mwali. Somo si mama. Ni mtu ambaye binti anaweza kumwambia asiyoweza kumwambia mama, na uhusiano wao haukomi siku ya kutolewa nje.

Msomaji wa Kisarawe hatahitaji maelezo marefu kumtambua Yaya wa Juliet: anajua umri wa binti kwa siku, anatania kwa maneno mazito, anapeleka ujumbe, anatafuta ngazi ya kamba. Lakini somo hubeba elimu iliyo ya jamii nzima, na hawezi kuibadilisha kwa woga. Yaya, siku Capulet anapofoka, anamgeukia Juliet na kumshauri aolewe na Paris kana kwamba ndoa ya kwanza haikuwapo. Tangu hapo Juliet hana mkubwa wa kumwendea isipokuwa mtawa mwenye chupa ya dawa. Huenda hii ndiyo sehemu ya tamthilia ambayo hadhira ya Pwani ingeipokea kwa uchungu kuliko hata kaburi.

Kuna pengo jingine Verona ambalo Mzaramo angeliona mara moja: hakuna utani. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi, unaohusishwa na misafara ya karne ya 19, huwapa watu wa makundi mawili leseni ya kutukanana bila damu, na humpa mtani kazi hata msibani. Mercutio ana ulimi wa mtani, lakini Tybalt si mtani wake. Anatania pasipo utani, na anakufa kwa hilo.

5.0 -oa na jamaa zake

Kitenzi -oa ni mtihani wa mfasiri wa tamthilia hii. Kwa kawaida mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mzazi humwoza binti, binti huozwa. Kwa kauli ya kutendana, wawili huoana. Kiingereza kina kitenzi kimoja kinachofanya kazi hizi zote, na ndiyo maana maneno ya Juliet pale roshanini, anapomtaka Romeo atume habari kesho ikiwa nia yake ni ndoa, yanapita kwa wepesi katika lugha ya asili. Kwa Kiswahili mfasiri atachagua. Akiandika “ukitaka kunioa”, Juliet amekuwa mtendwa katika jambo alilolianzisha mwenyewe. Akiandika “ukitaka tuoane”, ameulinda usawa wa soneti. Mfasiri mwenye kujali sauti ya kila siku ya Kibaha huenda akaona umbo la pili linasikika la kitabuni kwa binti wa miaka 13. Pengine ni kweli. Lakini ukitabu huo ndio ujasiri wake.

Tendo la tatu laweza basi kuelezwa kwa sarufi. Juliet ameoana na Romeo. Capulet anataka kumwoza kwa Paris. Vitenzi viwili vya mzizi mmoja vimemdai msichana mmoja kwa wiki moja. Paris si mtu mbaya, anaposa kwa heshima zote, ila anaposa kwa baba, na anapokutana na Juliet kwa Padri anazungumza naye kama mke aliyekwisha kupatikana. (Kitenzi -oza chenye maana ya kuharibika ni kingine kabisa, kinachofanana na hicho kwa umbo tu, lakini mfasiri hawezi kuisahau homonimu hiyo anapofika kwenye woga wa Juliet wa kuamka kaburini kando ya mwili wa Tybalt.)

Jambo hili si la sarufi tupu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 13, iliweka umri wa chini wa kuolewa kuwa miaka 15 kwa msichana na 18 kwa mvulana, na kifungu cha 17 kikahusu ridhaa ya mzazi au mlezi kwa msichana aliye chini ya miaka 18. Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2019. Shauri zima laweza kusomwa kama hoja juu ya kiambishi: ni wakati gani -olewa huwa -ozwa iliyofichwa? Mwalimu anayemtumia Juliet kuwaonya wasichana wa Kisarawe dhidi ya penzi la pupa, akanyamaza kuhusu Capulet, amefundisha nusu ya tamthilia.

Vivyo hivyo kwa -toroka na -torosha. Husemwa Ngoswe alimtorosha Mazoea. Mnyambuliko wa kusababisha unamfanya binti mzigo uliobebwa. Katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1969, Jessica naye anaiacha nyumba ya baba yake usiku, lakini amevaa nguo za kiume na anamrushia Lorenzo sanduku la mali. Huyo ametoroka. Nyerere, ambaye kabla ya siasa alifundisha Pugu, jirani na Kisarawe, hakuigusa Romeo and Juliet. Aliyoifasiri kwanza ni Julius Caezar (1963), tanzia ya dola.

6.0 Mahari

Mwishoni, juu ya maiti, Capulet anamwita Montague ndugu, anaomba mkono wake, na kusema kwamba mkono huo ndio haki ya binti yake kutoka upande wa mume, na kwamba hawezi kudai zaidi. Neno la kisheria alilolitumia lilihusu mali ambayo upande wa mume humwekea mke. Wafafanuzi wa Kiingereza hulipa tanbihi na kupita. Kwa msomaji wa Pwani halihitaji tanbihi: ni mahari, na kama mahari ya Kiislamu, ni haki ya mke mwenyewe. Montague anaongeza ahadi ya sanamu ya dhahabu, na Capulet anashindana naye kwa kuahidi ya Romeo iliyo sawa nayo. Baba aliyetaka kumwoza anapokea mahari ya ndoa ya kuoana, kutoka kwa mkwe ambaye hakumposea mwanawe, na mwenye haki yake hayupo kuipokea.